Gereji isiyo na bango pale Magomeni, Mtwara: tathmini ya huduma ya kupima gari linalokula mafuta

Gereji ninayoitathmini haina jina, haina bango wala kadi ya biashara. Ipo Magomeni, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, chini ya mwembe mmoja mkubwa, na wateja wake huielekeza kwa huo mwembe na kwa boneti ya Land Rover ya zamani iliyoegemezwa ukutani, ambayo wenyeji wa pale wanasema haijawahi kusogezwa. Nilifika hapo baada ya miezi saba ya kuhangaika na gari langu, Toyota Corolla Spacio ya mwaka 2003, otomatiki, yenye injini ya 1NZ-FE ya lita moja na nusu, ambalo lilikuwa limeanza kunywa petroli kama lori. Mke wangu anafanya kazi Lindi, nami nafundisha hisabati hapa Mtwara, kwa hiyo barabara ya Lindi naijua kwa kila kona, na nilijua pia, hata kabla ya kuambiwa na fundi yeyote, kwamba safari ile ile sasa ilikuwa inamaliza petroli nyingi kuliko zamani.

Ni haki nieleze kwanza nilikotoka, kwa sababu thamani ya huduma hii haionekani mpaka ilinganishwe na ile niliyoizoea. Gereji mbili za awali, ambazo sitazitaja, zilinipokea kwa namna inayofanana: nilisema gari linakula mafuta, boneti ikafunguliwa, na kabla sijamaliza maelezo nikatajiwa spea. Katika gereji ya kwanza nilibadilisha plagi zote nne kwa shilingi 60,000 na chujio la hewa kwa 15,000, kisha nikaambiwa kwamba tatizo lililobaki ni petroli yenyewe kuchakachuliwa, nibadilishe kituo. Nilibadilisha vituo vitatu, hali ikabaki ile ile. Katika gereji ya pili nilisafishiwa nozeli, zile zinazonyunyizia petroli kwenye injini, kwa 45,000 na kuuziwa pampu ya mafuta kwa 130,000, ingawa pampu iliyochoka, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, huifanya injini ikose nguvu kwa kukosa mafuta, na si kuyanywa kupita kiasi. Jumla ni shilingi 250,000. Sisemi mafundi wale walikuwa wezi. Nadhani walikuwa wakifanya kile ambacho sisi wateja tumewazoesha kukifanya, kwa kuwa tunakubali kulipia kitu kinachoshikika mkononi na tunanung'unika tukiombwa kulipia saa mbili za mtu kufikiri.

Fundi wa chini ya mwembe ni mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa ambacho hakiwezi tena kusafisha chochote. Baada ya salamu aliniuliza gari linakula mafuta kiasi gani. Nilijibu kwamba linakula mengi.

“Mengi si kipimo, mwalimu,” alisema. “Ukimwambia mwanafunzi aandike mengi, utampa maksi?”

Hakuifungua boneti siku hiyo. Aliniambia kwamba kazi ya kupima ni shilingi 30,000, kwamba itachukua siku mbili au tatu, kwamba fedha hiyo hairudishwi hata nikiamua kwenda kutengenezea kwingine, na kwamba nisimletee gari mpaka nimletee namba. Nakiri kwamba mwanzoni nilichukia. Mtu anayedai elfu thelathini bila kushika spana, kisha akakupa kazi ya nyumbani, hujengi naye imani mara moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Nijaze tangi katika kituo kimoja mpaka pampu ijikate yenyewe, nisiombe kuongezewa baada ya hapo. Niandike kilomita zilizopo kwenye dashibodi. Niende Lindi na kurudi kwa mwendo wangu wa kawaida. Nirudi kituo kile kile, pampu ile ile ikiwezekana, gari likiwa limesimama upande ule ule, nijaze tena mpaka ijikate, na nisome lita zilizoingia. Pia nifungue ramani ya simu njiani nione kama kilomita za dashibodi zinalingana na za setilaiti, maana gari lililofungwa tairi za kimo tofauti na zile za kiwandani linaweza kukudanganya kwa kuhesabu kilomita pungufu au zaidi, ukahangaika na ugonjwa usiokuwepo. Namba zangu zilikuwa kilomita 214 kwa lita 23.5, yaani kilomita 9.1 kwa lita moja, na tofauti ya dashibodi na simu ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutojali. Kwa gari la ukubwa ule, katika barabara ya lami ambayo sehemu kubwa ni mteremko mpole na tambarare, bila foleni isipokuwa malori ya saruji kuanzia Msijute, hiyo ni aibu.

Kwa wasio wenyeji wa huku niongeze kwamba EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na Mtwara huwa na bei zake kando na za Dar es Salaam na Tanga, kwa kuwa mafuta hushushwa pia katika bandari yetu. Mabadiliko hayo ya kila mwezi ndiyo yanayotupotosha wengi wetu. Tunapima ulaji wa gari kwa shilingi, tukisema wiki hii limekula elfu sabini na wiki ile lilikula elfu sitini, na hatujui kama lililobadilika ni gari au ni bei. Fundi alikataa kabisa kusikia hesabu ya fedha. Alitaka lita na kilomita tu.

Siku niliyompelekea gari nilimwonyesha kifaa changu kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu, nilichokinunua Kariakoo na ambacho hakikuwahi kuzungumza na gari langu hata mara moja. Nilikuwa nimeshahitimisha kwamba ni kibovu. Alinieleza kwamba huenda si kibovu: utaratibu wa pamoja wa kusoma kompyuta za magari, unaoitwa OBD-II, ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia mwaka 2001, lakini magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani katika miaka ile, ambayo ndiyo tunayoyanunua yakiwa yametumika, yana soketi inayofanana lakini kompyuta yake huzungumza lugha ya kiwanda. Mashine yake, kubwa kiasi cha kitabu cha mahudhurio, inaijua lugha hiyo. Maelezo hayo tu yangeniokolea fedha kama ningeyapata kabla ya kwenda Kariakoo.

Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba, baada ya kuona hakuna hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta na taa ya injini haiwaki, hakuichomoa mashine na kusema gari ni zima, kama nilivyofanyiwa kwingine. Alisema taa ya injini ni kama kengele ya moto, hailii kwa sababu chakula kimezidi chumvi. Tulitoka na gari, mimi nikiendesha na yeye akiwa kiti cha abiria na mashine mapajani, tukaelekea Mikindani. Tuliposhuka kuelekea ghuba, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, alinigeuzia kioo cha mashine nione mstari mmoja tu: joto la maji ya injini. Lilikuwa nyuzi 61. Likashuka hadi 58. Tulipogeuza na kupanda likafika 66, kisha likashuka tena mara tu upepo ulipopiga rejeta.

“Hili halina ugonjwa, mwalimu,” alisema. “Limenyang'anywa kiungo.”

Turudi chini ya mwembe, maana hapa ndipo penye kiini cha tathmini yangu. Injini ilipopoa alifungua nati mbili pale bomba la chini la rejeta linapoingia kwenye injini, maji yakamwagika kwenye beseni, na ndani ya tundu hilo palikuwa patupu. Themostati haikuwepo. Hiyo ni vali ndogo, ukubwa wa kikombe cha kahawa, ambayo hukaa imefunga maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Kwa injini za aina hii za Toyota huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Yangu ilikuwa imetolewa, na karibu kila msomaji mwenye gari la zamani katika ukanda huu wa joto ameshawahi kuambiwa na fundi fulani kwamba themostati ni ya nchi za baridi, kwamba huku kwetu haina kazi zaidi ya kuchemsha gari, na kwamba dawa yake ni kuitoa na kuitupa. Nilikumbuka basi kwamba miaka miwili iliyopita gari liliwahi kuchemka katika kona za kupandia Newala, likatengenezwa njiani, na tangu siku hiyo mshale wa joto haujafika katikati. Kwa miezi mingi nilikuwa nikijisifu mbele ya wenzangu kwamba nina gari lisilochemka.

Fundi alitumia muda mrefu kunieleza kwa nini kukosekana kwa kitu cha bei ndogo kiasi hicho kunaweza kula mafuta, na maelezo yake niliyathibitisha baadaye kwa vipimo vyake mwenyewe. Kompyuta ya injini, ikiona maji ni ya baridi, huamini kwamba gari limewashwa sasa hivi, hivyo huongeza petroli na kupandisha mzunguko wa injini ikiwa imesimama. Oili nayo haipati joto la kutosha, hubaki nzito, na injini hutumia nguvu kuisukuma. Na kwa gari otomatiki kuna hasara nyingine ambayo mafundi wengi hawaitaji: ndani ya konveta, kati ya injini na gia boksi, kuna klachi ambayo hufunga gari likishachanganya mwendo ili nguvu ipite moja kwa moja bila kuteleza katika mafuta ya gia, na kompyuta huizuia klachi hiyo isifunge mpaka injini ipate joto. Gari langu lilikuwa likienda Lindi na kurudi kana kwamba kila kilomita ni ile ya kwanza asubuhi. Niliuona ukweli huo kwenye mashine wakati wa jaribio la pili. Kwa mwendo ule ule wa 80, mzunguko wa injini ulikuwa umepungua, na mguu wangu kwenye pedali ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouzoea.

Aliongeza jambo lililonifanya nijute zaidi. Katika injini hii themostati ina vali nyingine ndogo nyuma yake ambayo, inapofunguka ya mbele, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukiitoa themostati nzima, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto haipoozwi kabisa. Kwa hiyo gari lililotolewa themostati hupoa mno barabarani, upepo ukiwa mwingi, lakini katika mwendo wa pole na mzigo mzito linaweza kuchemka upesi kuliko lililo nayo. Yule fundi wa njiani hakuniponya. Alificha tu dalili, na chanzo cha kuchemka kule Newala kilibaki. Chanzo hicho kilipatikana siku hiyo hiyo: mfuniko wa rejeta ulikuwa umekufa mpira wake, haushiki presha, na maji yakikosa presha huchemka katika joto la chini zaidi. Mfuniko mpya uligharimu shilingi 12,000.

Themostati mpya haikupatikana Mtwara siku hiyo, isipokuwa ya kuiga ambayo fundi aliishika, akaigeuza, akairudisha kwa mwenye duka bila kusema neno. Iliagizwa Dar es Salaam na kufika kwa basi siku ya pili kwa shilingi 48,000 pamoja na gharama ya kifurushi. Kabla ya kuifunga aliiweka ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, akatumbukiza kipimajoto, na tukakaa wawili tukiitazama kama watu wanaosubiri chai. Ilianza kufunguka nyuzi 82. Nimefundisha upanukaji wa vitu kwa joto kwa miaka mingi nikisaidia darasa la fizikia, na sijawahi kuona somo hilo likielezwa vizuri kiasi kile. Alijaza rejeta kwa kulenti iliyochanganywa na maji, si maji matupu, akatoa hewa iliyonaswa kwa kuliacha gari lingurume huku mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe.

Kuhusu breki nitasema kwa ufupi, ingawa mchango wake haukuwa mdogo. Baada ya safari ile ya Mikindani, kabla ya kitu kingine, alikuwa ameshuka na kupima joto la kila gurudumu kwa kile kipimajoto cha kuelekeza mwanga. Magurudumu matatu yalikuwa ya uvuguvugu. La mbele kushoto lilikuwa la moto kiasi kwamba sikuweza kuliwekea kiganja. Lilipoinuliwa kwa jeki halikuzunguka hata nusu duara kwa mkono. Pini za kalipa, zile zinazopaswa kuteleza ili padi ziachie diski ukiachia breki, zilikuwa zimeganda kwa kutu. Naishi Shangani, mita chache kutoka baharini, na hewa ya chumvi haichagui kati ya mageti, mabati na breki. Alizitoa, akazisugua, akapaka grisi inayovumilia joto, akabadilisha raba zake, na kazi hiyo ilikuwa shilingi 35,000. Kwa wakazi wenzangu wa pwani hiki ndicho kipimo ambacho ningewashauri wakifanye wenyewe bila kusubiri fundi: baada ya safari ambayo hukupiga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, usiliguse, na ulinganishe.

Kinachonifanya niipe huduma hii alama za juu, hata hivyo, ni yale ambayo hayakufanywa. Tairi ya nyuma kulia ilikuwa na upepo wa pauni 24 wakati nyingine zilikuwa na 32, nami nikawa tayari kuamini kwamba tumempata mwizi mwingine. Fundi aliijaza na kusema kwamba hiyo ni ya usalama zaidi kuliko ya mafuta. Nilipokwenda nyumbani nilipiga hesabu: Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila pauni moja inayopungua katika wastani wa tairi zote nne hupunguza umbali unaopatikana kwa lita kwa asilimia 0.2 hivi, pauni nane katika tairi moja ni wastani wa pauni mbili, yaani asilimia 0.4. Fundi alikuwa sahihi bila kalamu.

Chujio la hewa, ambalo gereji ya kwanza ilinibadilishia kama dawa, alilipuliza vumbi na kulirudisha. Msimamo wake ni kwamba katika gari la nozeli chujio chafu hupunguza nguvu ya kuvuta zaidi kuliko linavyoongeza ulaji, kwa kuwa kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli kulingana nayo, tofauti na magari ya kabureta. Nilidhani ni maneno ya mtaani mpaka nilipokuta kwamba maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilifikia hitimisho la namna hiyo katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2009. Hiyo haina maana kwamba anayetoka Newala na Tandahimba kwenye vumbi jekundu aache kulisafisha. Ina maana kwamba asitarajie muujiza katika tangi.

Kisha sensa ya oksijeni. Hii ndiyo spea ambayo kila aliyesikia habari za gari langu aliitaja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka akiba ya kuinunua. Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la moshi na kuiambia kompyuta kama mchanganyiko una petroli nyingi au kidogo, na ikiwa nzima umeme wake hupanda na kushuka bila kutulia kati ya karibu volti 0.1 na volti 0.9. Yangu ilikuwa inapanda na kushuka, lakini kivivu. Nilimwambia fundi aniagizie nyingine. Alikataa. Alisema sensa inayofanya kazi katika moshi wa injini ya baridi, juu ya plagi zilizojaa masizi, haiwezi kuhukumiwa kabla injini haijapewa joto lake. Tufunge themostati kwanza, gari litembee wiki mbili, ndipo tuipime upya. Fundi anayekataa kuuza spea ya zaidi ya laki moja kwa mteja aliyekwishafungua pochi si mtu wa kumwona kila siku. Tulipoipima tena baada ya wiki mbili, mwendo wake ulikuwa umechangamka, na plagi zilikuwa zimetoka kwenye weusi wa masizi na kuwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Sensa ile ile ya zamani ndiyo ninayotembelea mpaka leo.

Matokeo kwa namba ni haya. Nilirudia safari ya Lindi kwa masharti yale yale, kituo kile kile na pampu ile ile, nikaenda kilomita 217 kwa lita 17.0, ambazo ni kilomita 12.8 kwa lita. Safari moja imepungua lita sita na nusu, karibu shilingi elfu ishirini kwa bei za kipindi hiki. Nilichomlipa fundi kwa kila kitu, kuanzia kupima, themostati, mfuniko, kulenti, breki na ufundi, kilikuwa shilingi 178,000, chini ya nilichokipoteza kule nyuma, na kwa jinsi ninavyokwenda Lindi kila mwisho wa wiki fedha hiyo ilikuwa imerudi katika muda wa miezi miwili hivi. Mshale wa joto sasa husimama katikati, na siku za mwanzo ulinitia hofu kwa sababu nilikuwa nimeusahau.

Huduma hii ina kasoro, na baadhi si ndogo. Hakuna risiti, nilipoomba nilipewa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono, ambayo haiwezi kumsaidia mtu anayetaka kurudishiwa gharama na mwajiri wake. Hakuna mahali pa kungojea zaidi ya benchi la mbao na kivuli cha mwembe, na msimu wa maembe ukifika kivuli hicho nacho kina hatari zake kwa kioo cha mbele. Muda uliotajwa haukuzingatiwa: niliambiwa siku tatu, nikachukua gari siku ya tano, na katika siku hizo mbili za nyongeza sikupigiwa simu hata moja mpaka nilipokwenda mwenyewe. Kijana anayemsaidia ni mwepesi wa mikono kuliko wa masikio; alinirudishia gari likiwa na bolti moja ya kinga ya chini ya injini haijakazwa, nami nikaligundua hilo kwa mlio nilipofika Mpapura. Nilipolalamika ilikazwa bila malipo na kwa kuombwa radhi, lakini kazi iliyofanywa kwa uangalifu kiasi kile juu haikustahili kumalizwa kwa uzembe chini.

Mashine yake pia ina mipaka. Alikiri mbele yangu kwa mteja mwenye gari la Ulaya kwamba hataligusa, akamwelekeza kwa mwingine. Kwa magari ya Toyota na Nissan ya miaka ya 2000, ambayo ndiyo yanayojaza mitaa ya Mtwara na Lindi, sijaona wa kumzidi huku, ingawa uzoefu wangu ni wa gereji tatu na gari moja.

Anayetaka kwenda asiende Ijumaa mchana, kwa kuwa hufunga kabla ya swala na mara nyingi harudi kufungua. Na asiende wakati wa mauzo ya korosho, kati ya Oktoba na Desemba, kama hana subira, kwa sababu katika miezi hiyo eneo lote lile hujaa magari ya wakulima waliopata malipo na foleni hufika barabarani. Aende na namba zake za lita na kilomita zikiwa zimeandikwa, la sivyo atarudishwa kituo cha mafuta kama nilivyorudishwa mimi. Nami nina miadi naye mwezi ujao kwa ajili ya breki za nyuma, ambazo ameniambia kwamba hazijaanza kuganda, lakini kutu ya Shangani imeshazifikia.